Gurudumu bovu ghalani, maumivu mgongoni

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika maghala mengi ya Nakuru na miji ya jirani, ufa huo ni gurudumu dogo lisilozidi upana wa kiganja, na ukuta unaokuja kujengwa baadaye ni mgongo wa kibarua aliyekuwa akilisukuma kutoka asubuhi hadi jioni.

Gurudumu ninalozungumzia ni lile la toroli ya paleti. Msomaji ambaye hajawahi kuingia ghalani huenda ameiona toroli hiyo katika duka kubwa la kujihudumia. Ina vyuma viwili virefu vilivyolala karibu na sakafu mfano wa uma, na mpini ambao mfanyakazi huupiga juu na chini kama mtu anayevuta maji kwa pampu. Vyuma hivyo huingizwa chini ya paleti, yaani lile jukwaa la mbao linalopangwa mizigo. Mafuta yaliyomo ndani ya pampu husukuma, paleti huinuka sentimita chache, na mtu mmoja huweza kuhamisha mzigo ambao watu kumi wangeubeba kwa taabu.

Ngano ya Njoro, viazi vya Molo na Mau Narok, unga, mbolea, mbegu, sabuni, mafuta ya kupikia na maua ya Naivasha yanayosafirishwa ng'ambo. Bidhaa hizi hupitia mikononi mwa watu wengi kabla ya kufika kwa mnunuzi, na popote penye sakafu ya saruji na paleti, aghalabu pana toroli hii.

Pampu yake ikivuja mafuta, fundi huitwa siku hiyohiyo, kwa sababu mzigo hauinuki na kazi husimama. Gurudumu likichakaa, kazi haisimami. Mzigo huendelea kwenda, ila sasa unakwenda kwa nguvu za kiuno na mabega ya mfanyakazi. Kwa kuwa hakuna kilichosimama, hakuna anayeuliza, na gharama ya uchakavu huo hulipwa na mwili wa mtu bila kuandikwa katika daftari lolote.

Mzigo uliorudi mgongoni

Yafaa tukumbuke tulikotoka. Kwa miaka mingi gunia la mahindi la kilo 90 lilikuwa ndicho kipimo cha kawaida nchini Kenya, na gunia la viazi lililoongezewa kofia juu lilipita kilo 100. Mizigo hiyo ilibebwa na binadamu, mabegani na mgongoni, kutoka shambani hadi kwenye lori.

Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilipendekeza mwaka 1967, katika Pendekezo lake Nambari 128, kwamba mwanamume mzima asitakiwe kubeba mzigo unaozidi kilo 55, na kwamba wanawake na vijana wabebeshwe kilichopungua sana hapo. Nchini Kenya, kanuni za zao la viazi za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia. Lengo la hatua hizo ni moja, nalo ni kuuondoa mzigo mgongoni.

Toroli ya paleti iliundwa kwa lengo hilohilo. Lakini toroli yenye magurudumu mabovu huurudisha mzigo mgongoni kimyakimya, tena bila mtu kuuona, kwa maana anayepita humwona kijana akisukuma mashine na kudhani kwamba mashine ndiyo inayofanya kazi.

Hebu tupige hesabu kidogo. Idara ya Uingereza inayosimamia afya na usalama kazini, HSE, hutoa mwongozo kwamba kusukuma mzigo kwenye sakafu ngumu na tambarare, kwa kifaa kilichotunzwa vizuri, kunahitaji nguvu isiyopungua asilimia 2 ya uzito wa mzigo. Kwa mzigo wa kilo 400, hiyo ni nguvu sawa na kilo 8. Sakafu ikiwa na mashimo na matuta, nguvu ya kuanzisha mwendo inaweza kufika asilimia 10 ya mzigo.

Sasa chukua paleti yenye magunia 20 ya kilo 50. Hiyo ni kilo 1,000. Sakafu ikiwa nzuri na toroli ikiwa nzuri, mfanyakazi anahitaji nguvu ya kilo 20 au zaidi. Sakafu ikiwa mbaya, nguvu hiyo inaweza kufika kilo 100. Mwongozo huohuo wa Uingereza unataja kilo 20 za kuanzisha au kusimamisha mwendo na kilo 10 za kuuendeleza kuwa ndicho kiwango ambacho wanaume wengi wanaweza kukimudu bila hatari kubwa. Kwa wanawake viwango hivyo ni kilo 15 na kilo 7.

Kutokana na hesabu hiyo tunajifunza mambo mawili. Kwanza, hata toroli mpya kabisa yenye tani moja inastahili watu wawili. Pili, hakuna akiba ya nguvu iliyobaki ya kupoteza kwa gurudumu bovu. Beringi iliyokwama au gurudumu lililobonyea upande mmoja huchukua mahitaji ambayo tayari yako ukingoni na kuyasukuma ng'ambo ya kile ambacho uti wa mgongo unaweza kuhimili.

Kwa nini ni yale madogo?

Toroli ya paleti ina magurudumu ya aina mbili. Yapo mawili makubwa yaliyo chini ya pampu, ambayo hugeuka pamoja na mpini na kuiongoza toroli. Halafu yapo madogo yaliyofichwa kwenye ncha za vile vyuma viwili, mara nyingine moja kila upande, mara nyingine mawili. Haya madogo ndiyo magurudumu ya mzigo, na ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya uzito wa paleti.

Udogo wake unatokana na kwamba ni lazima yapenye chini ya paleti. Kipenyo chake kwa kawaida ni kama sentimita 8. Gurudumu la ukubwa huo huzunguka takriban mara 4,000 katika kila kilomita moja, ilhali gurudumu la nyuma lenye kipenyo cha sentimita 20 huzunguka kama mara 1,600 tu. Hali kadhalika, ufa wa sakafu ambao gurudumu kubwa hupita bila kutambua huwa ni korongo kwa gurudumu dogo. Kwa hivyo madogo hubeba zaidi, huzunguka zaidi, hugonga zaidi na huchakaa mapema.

Mazingira yetu nayo huongeza chumvi kwenye kidonda. Inaelezwa kwamba jina la Nakuru lenyewe limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali penye vumbi. Vumbi la udongo wetu wa volkano ni laini mno. Likiingia ndani ya beringi na kuchanganyika na grisi, hugeuka kuwa kitu mfano wa msasa, na gololi za chuma zilizomo ndani husagika kidogokidogo kila siku.

Maadui wengine ni nyuzi za magunia, mikanda ya plastiki ya kufungia makasha na karatasi za nailoni za kuzungushia mizigo. Hivi vyote huangushwa sakafuni, hujisokota kwenye ekseli na kulikaba gurudumu hadi linaacha kuzunguka na kuanza kuburutwa. Katika vyumba vya baridi na sehemu za kufungashia maua, maji ya kila siku huleta kutu. Vipande vya mpira vya kufungia mashada navyo huishia palepale kwenye ekseli.

Mwili unavyoumia

Kati ya pingili za uti wa mgongo pana visahani vya gegedu vyenye kiini laini ndani, ambavyo kazi yake ni kupunguza mtikisiko. Mtu anaposukuma kwa nguvu huku ameinama, au anapovuta kwa mkono mmoja akiwa amejipinda, visahani vya sehemu ya chini ya kiuno hubanwa vibaya. Kimoja kikichanika, kiini chake huweza kutokeza na kubana neva. Maumivu hayo hushuka kutoka kiunoni kupitia tako na paja hadi unyayoni, yakiambatana na ganzi au hisia ya kuchomwachomwa.

Wengi hawaumii kwa tukio moja kubwa. Huumia kwa mivuto midogo elfu moja. Kijana huanza kwa uchovu wa jioni, kisha ukakamavu wa asubuhi, kisha siku moja anachuchumaa kufunga kamba za viatu na kushindwa kuinuka. Nyumbani hulaumiwa godoro, baridi ya Molo au hata jirani mwenye husuda, kumbe chanzo kiko ghalani.

Bega nalo huumia, hasa kwa anayevuta toroli nyuma yake kwa mkono mmoja. Mwenye udhaifu katika ukuta wa tumbo anaweza kuona uvimbe wa ngiri ukijitokeza anapokaza misuli kuanzisha mwendo wa mzigo.

Halafu kuna miguu. Gurudumu likikwama ghafla kwenye ufa, mzigo wa juu huendelea kwenda na magunia huweza kumwangukia aliye mbele. Toroli ikiachilia ghafla baada ya kulazimishwa, humgonga anayeivuta kwenye kisigino, na ukingo wake wa chuma unaweza kuichana ile kano nene iliyo nyuma ya kifundo. Vidole vya mguu vikipitiwa na gurudumu lenye nusu tani juu yake, mifupa hupondeka. Kwa mgonjwa wa kisukari, kidonda kidogo cha aina hiyo kinaweza kumfikisha kwenye kukatwa mguu.

Dawa ya maumivu si tiba ya gurudumu

Mwaka 1700 daktari Mwitaliano aliyeitwa Bernardino Ramazzini alichapisha kitabu mashuhuri kuhusu magonjwa ya wafanyakazi. Humo aliwausia matabibu wenzake waongeze swali moja katika maswali wanayomuuliza mgonjwa: Je, unafanya kazi gani? Miaka zaidi ya 300 imepita, na swali hilo bado husahaulika pande zote mbili za meza ya daktari.

Kwa hivyo, ewe msomaji, uendapo hospitalini kwa maumivu ya kiuno usiseme tu kwamba mgongo unauma. Eleza kazi yako. Sema unasukuma nini, uzito wake ni kiasi gani, mara ngapi kwa siku, na kama toroli yenyewe inakwenda sawasawa au inavuta upande. Maelezo hayo ya dakika mbili yanaweza kumsaidia daktari kuliko picha ya MRI, ambayo kwa maumivu ya kawaida ya kiuno yasiyo na dalili za hatari haihitajiki mwanzoni.

Vibarua wengi hawafiki kwa daktari. Hupitia kwenye duka la dawa, wakanunua vidonge vya diklofenaki au ibuprofeni, wakarudi kazini kusukuma toroli ileile. Dawa hizi zina manufaa zikitumiwa kwa siku chache kwa ushauri wa mtaalamu. Zikitumiwa kwa miezi huweza kutoboa utumbo kwa vidonda, kupandisha shinikizo la damu na kuharibu figo. Ubaya mwingine ni kwamba zinanyamazisha kengele ya hatari ilhali moto bado unawaka.

Habari njema ni kwamba maumivu mengi ya kiuno hupungua ndani ya wiki 6 hivi. Kulala kitandani siku nyingi hakusaidii. Mgonjwa atembee, ajinyooshe na afanye kazi nyepesi. Lakini kurudi kwenye mzigo uleule na gurudumu lilelile ni kukichokoa kidonda kabla hakijapona.

Zipo dalili ambazo hazingojei kesho. Ukishindwa kuzuia mkojo au choo, au mkojo ukakataa kutoka, ukipata ganzi sehemu za siri na kuzunguka njia ya haja kubwa, au miguu yote miwili ikaishiwa nguvu, nenda hospitali kubwa mara moja, hata kama ni usiku wa manane. Neva zilizobanwa kwa namna hiyo zikicheleweshwa huenda zisirudi tena katika hali yake.

Kulipima gurudumu

Kama vile muuguzi anavyopima joto na shinikizo la damu kabla ya daktari kumwona mgonjwa, ndivyo toroli inavyopaswa kupimwa kila asubuhi kabla ya mzigo wa kwanza. Haihitaji shahada. Isukume ikiwa tupu, hatua kumi mbele na hatua kumi nyuma, kisha jiulize maswali haya.

Je, inakwenda kwa mstari ulionyooka au inavuta upande mmoja? Je, inapiga kelele ya kusaga au kugonga? Je, kila gurudumu linazunguka au kuna linaloburutwa? Je, kuna sehemu iliyobonyea, ufa, au kipande kilichobanduka? Je, kuna nyuzi au nailoni zilizojisokota kwenye ekseli? Je, magurudumu ya upande wa kulia na wa kushoto yanalingana ukubwa? Jibu moja baya linatosha kuiweka kando na kuifunga kikaratasi chenye maneno "Usitumie".

Mara moja kwa wiki, kata nyuzi zote na kusafisha magurudumu kwa kitambaa au brashi. Usiipige beringi maji ya nguvu, maana maji huondoa grisi na kuingiza mchanga. Mara moja kwa mwezi, tia grisi kwenye chuchu zake iwapo toroli ni ya aina inayotiwa grisi, na ulitikise kila gurudumu kwa mkono. Likicheza huku na huku, beringi imekwisha.

Vilevile, paleti nzito isiachwe usiku kucha ikiwa imeinuliwa juu ya toroli. Magurudumu ya plastiki laini hubonyea upande uliokandamizwa, na kesho yake toroli huenda kwa kudunda.

Kulibadilisha

Kazi ya kubadilisha magurudumu ya mzigo si ngumu kwa fundi, lakini ifanywe kwa utaratibu, kwani toroli tupu yenyewe huwa na uzito wa kilo 60 hadi 80 na inaweza kuvunja kidole.

Kwanza, ondoa mzigo wote na ushushe vyuma hadi chini. Pili, watu wawili wailaze toroli kwa ubavu juu ya sakafu na kuiegemeza kwa vipande vya mbao isiporomoke. Kuipindua juu chini kwa muda mrefu huweza kuvujisha mafuta ya pampu. Kamwe usiingize mkono chini ya toroli iliyoinuliwa kwa pampu yake yenyewe.

Tatu, tafuta ile pini ndogo inayoishika ekseli ya gurudumu na kuitoa kwa tindo butu na nyundo. Fundi avae miwani, kwa sababu kipande cha chuma kinachoruka ni hatari kwa jicho. Nne, sukuma ekseli itoke taratibu, na uangalie zile pete bapa za chuma ambazo mafundi huziita washa zimekaa upande gani, ili zirudi palepale.

Tano, kagua ekseli yenyewe. Ikiwa imelika au imepinda, kuweka gurudumu jipya juu yake ni kumvisha mgonjwa shati jipya na kumwita mzima. Sita, safisha, tia grisi, weka gurudumu lenye beringi mpya, rudisha ekseli na kugongea pini mpya. Mwisho, lizungushe kwa kidole. Linapaswa kuzunguka kwa wepesi bila kucheza kando.

Magurudumu yabadilishwe kwa jozi, kulia na kushoto pamoja. Jipya upande mmoja na kuukuu upande wa pili huifanya toroli iiname, nayo itavuta upande siku nzima, na kiuno cha mfanyakazi ndicho kitakachofanya kazi ya kuinyoosha.

Kabla ya kununua, pima mambo matatu: kipenyo, upana na tundu la ekseli. Mafundi wetu wa jua kali wana ustadi mkubwa na wapo wanaoweza kukereza gurudumu zuri kwa mashine. Ila gurudumu lililokerezwa kwa kukisia, bila kipimo, lisikubaliwe kwa sababu tu ni la bei nafuu.

Aina ya gurudumu nayo ina maana. Nailoni ni ngumu, huzunguka kwa wepesi kwenye sakafu laini na haidhuriwi upesi na maji, lakini kwenye sakafu mbaya hupiga kelele, hutikisa mikono na kumeguka. Poliyurethini ni laini kidogo, hutulia zaidi na huvumilia sakafu yenye mikwaruzo. Hakuna gurudumu lolote, hata hivyo, litakalodumu kwenye sakafu yenye mashimo. Kuziba shimo kwa saruji ni sehemu ya matibabu.

Anayesukuma ajilinde

Sukuma, usivute, kila inapowezekana. Anayesukuma huona mbele na kutumia uzito wa mwili wake kupitia miguu. Anayevuta hujipinda, na toroli iko nyuma ya visigino vyake. Anza mwendo polepole bila kushtua, mikono yote miwili ikiwa kwenye mpini na mgongo ukiwa umenyooka. Kwenye mteremko au daraja la kupandia loriniwe wawili au zaidi, ama mzigo ugawanywe.

Viatu si anasa. Viatu vya usalama vyenye kofia ya chuma kidoleni, vinavyofikia kiwango cha kimataifa, hupimwa kwa pigo la jouli 200, sawa na kilo 20 zinazoanguka kutoka urefu wa mita moja hivi. Akala na malapa hayazuii lolote.

Mguu ukipondwa, ondoa mzigo, mketishe majeruhi na uinue mguu. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hivi. Pakiwa na damu, kandamiza kwa kitambaa safi. Usiukande, usiunyooshe, na usimpeleke kwa mganga wa mifupa kabla ya picha ya eksirei. Mguu ukizidi kuvimba na kukaza, vidole vikawa baridi, vyeupe au vyenye ganzi, hiyo ni dharura. Kidonda chochote kinahitaji pia kuulizia chanjo ya pepopunda.

Sheria iko upande gani?

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kuhakikisha vifaa vya kazi ni salama na vinatunzwa, na inakataza mfanyakazi kubebeshwa au kuhamishishwa kwa mikono mzigo ambao kwa uzito wake unaweza kumdhuru. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi panatakiwa pawe na kamati ya usalama na afya. Mfanyakazi akiona hatari kubwa ya karibu, ana wajibu wa kumwarifu msimamizi wake, na hapaswi kulazimishwa kurudi kwenye hatari hiyo kabla haijarekebishwa.

Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, nayo ya mwaka 2007, inamtwika mwajiri gharama za matibabu ya aliyeumia kazini. Mwajiri hutakiwa kumwarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7 tangu apate habari za ajali. Mfanyakazi asiyeweza kufanya kazi kwa siku 3 au zaidi ana haki ya malipo kwa kipindi kisichozidi miezi 12. Mkataba wa mdomo unatambuliwa kama ule wa maandishi, kwa hivyo kibarua asidhani kwamba yeye hayumo.

Tatizo ni kwamba maumivu ya mgongo yanayoingia polepole hayana siku wala saa ya kuandikwa katika fomu ya ajali. Ndiyo sababu ni muhimu kuripoti mapema. Mwambie msimamizi siku toroli inapoanza kuvuta upande, na ikiwezekana iandikwe katika daftari. Umwambie pia siku kiuno kinapoanza kuuma.

Kwa mwajiri ningependa kuongeza neno moja. Bei ya jozi ya magurudumu na beringi zake ni ndogo mno ukiilinganisha na wiki za matibabu, fidia, na kumfundisha mtu mwingine kazi. Mfanyakazi mwenye ujuzi wa miaka kumi haagizwi dukani. Teua mtu mmoja awe na jukumu la kukagua toroli kila asubuhi, mpe grisi, kisu cha kukatia nyuzi na mamlaka ya kusema hapana, na uweke stooni jozi moja ya akiba ya magurudumu ili fundi asiwe na sababu ya kusubiri.

Nawe unayesukuma, mwili wako ndio mtaji wako wa pekee. Kesho asubuhi, kabla hujaweka gunia la kwanza, inama uyatazame magurudumu hayo madogo.